Cobaye za Virginie Vagheni

Padri wetu, familia, bajirani, na ninyi benye mulipanda mulima huu na miguu, mimi ni Zacharie Kahongya, mudogo ya marehemu, familia ilinichagua kusoma maisha yake, na karatasi hii iliandikwa jana na bajomba, iko na maneno mazuri, lakini kuna pahali nitaiweka chini, mutanivumilia.

Yaya Virginie Vagheni, dada yangu mukubwa, alizaliwa Masereka, tarehe 14 mwezi wa tatu 1984, mutoto wa pili kati ya batoto batatu, siku hiyo nyumba ilikuwa imejaa wageni na baba alikuwa anachinja cobaye, zile nyama ndogo kama panya zenye tunafuga jikoni, za kuwapikia, ndiyo maana alipewa jina la Vagheni, ni kusema wageni, na mama alizoea kumuchekelea kwamba aliingia duniani juu ya kunusa supu.

Masomo ya musingi aliyaanza palepale Masereka mwaka wa 1990, na alikuwa mu mwaka wa sita wakati mukubwa yetu Jean-de-Dieu, mwenye alikuwa na maladi ya kuanguka, ni kusema kifafa, alianguka jikoni na uso ndani ya moto, tarehe 3 mwezi wa pili 1996. Bamama bane balikuwa pale, hakuna mwenye alimugusa, kwa sababu kwetu banasema povu ya mutu wa kuanguka inaambukiza, ni Virginie alimuvuta na miguu, ngozi ya shavu ikabaki ku jiwe la mafiga, na kisha siku mbili tulimuzika.

Alishuka Butembo kwa sekondari, option bio-chimie, akapata diplome d'État mwaka wa 2002, akapata licence ya biologie mwaka wa 2008, na tangu tarehe 5 mwezi wa kwanza 2010 alitumika mu labo moja hapa mujini, kazi yake ikiwa kujaribu dawa mpya za kifafa ku panya na ku cobaye. Ni kazi kali, sitaificha: anapiga nyama sindano ya kuiangusha, inatetemeka, inajiuma ulimi mpaka damu, yeye anahesabu segonde, anaipa dawa mpya, anangoja kuona kama itaanguka tena, mwishoni anaiua, anaipasua, anaangalia ubongo na maini, anaandika mu cahier. Miaka miwili ya kwanza alilia, kisha machozi yakaisha, lakini kila mara mbele ya kuua alisema pardon, na sisi mu familia tulimucheka sana kwa hiyo.

Alifunga ndoa na Siméon Mathe, déclarant, mwenye kuandikisha mizigo ku douane ya mupaka wa Kasindi, tarehe 20 mwezi wa nane 2011, Mungu akawapa Élise mwaka wa 2013 na Bénite mwaka wa 2016. Tarehe 9 mwezi wa saba 2021 Siméon alichinjwa na waasi mu njia ya Beni na Kasindi, kandokando ya camion yenye ilikuwa inawaka, tukamutambua kwa mukaba wake tu. Mwaka wenye ulifuata, Bénite naye akaanza kuanguka.

Hapa karatasi inasema marehemu alipatwa na ugonjwa wa gafula. Hapana. Yaya yangu hakugonjwa.

Jumanne hii, tarehe 11 mwezi wa tatu 2025, Bénite alianguka mara tatu mbele ya saa ine ya asubui, comprimé zake, vidonge vya kifafa, zilikuwa zimekosekana mu pharmacie zote tangu wiki mbili, nikakimbia labo kumuomba yaya ampe mutoto ile dawa mpya, maana niliona cahier na macho yangu: cobaye makumi mbili na ine, kumi na kenda hazikuanguka tena. Akanijibu polepole, "Zachi, mbili zilikufa siku ya sita, maini imeoza, na sijajua sababu, donc mutoto wangu si cobaye." Nilitoka na hasira, na pale ku barabara, mbele ya bamotari na bamama ba mboga, nikapiga kelele kwamba Virginie anafanya batoto yetu cobaye. Munajua vile neno hilo linawasha muji huu tangu wakati wa Ebola, pale batu balisema badaktari banajaribu dawa ku miili yetu. Mutu mwenye alilisema ni mimi, hakuna mwingine, na niliwaficha bajomba mpaka saa hii.

Haikupita saa moja, balikuja na mawe, na vyuma, na essence ya kuchomea, balimupiga sentinelle, mulinzi wa mulango, mpaka jicho likapasuka, balichoma meza na vitabu. Yaya alikuwa ameisha kutoka na mulango wa nyuma, nilikuwa nimerudi mbio na nimemushika mukono, pikipiki ilikuwa inanguruma ya kumupeleka, ndipo aliona batu banatia cobaye mu mifuko, banacheka, banakwenda kupika. Akajichomoa, akarudi, akasimama mbele yao, akasema, "Bandugu, musikule, nilizipiga sindano," na wao balisikia sindano tu, mwanamuke mumoja akalia kwamba anatuua na sumu, jiwe la kwanza likamuvunja meno, la pili likamufungua kichwa, akaanguka juu ya mufuko mumoja na kuukumbatia, balimukanyaga mpaka mbavu zikaingia ndani. Alikufa ku hospitali saa kenda ya muchana, na mwisho aliniuliza batu ngapi balikula.

Mifuko saba ilitoka pale. Leo ni siku ya tano, na zile cobaye mbili zilikufa siku ya sita. Kama ulikula, ao ulipikia batoto, muende ku hospitali mbele ya jua kuzama, badaktari bananiahidi, hakuna mwenye atauliza jina wala mufuko ulitoka wapi, hata kama mukono wako ndio ulitupa jiwe, hata kama uko hapa umevaa nguo nyeusi, enda, mutoto wako hakutupa jiwe, alikunywa supu tu.

Familia inashukuru badaktari na bainfirmiers, bandugu ba labo, mutu wa Beni mwenye alituma comprimé za Bénite juzi, na bajirani, hata ninyi benye mulifunga milango, sina nguvu ya kuwachukia leo.

Yaya Virginie, bamesikia sasa. Pumzika kwa amani.