Fundi Herufi na Mkono wa Mama Yake

Ndugu, jamaa, majirani na wote mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza dada yetu, asanteni. Anayewasomea ni mdogo wake wa mwisho, ambaye marehemu alimfundisha kuandika jina lake kabla hajaanza shule, kisha akamwambia mwandiko wake ni mbaya. Kijitabu mlichonacho mikononi alikipanga marehemu mwenyewe, kuanzia ukubwa wa herufi hadi zile picha ndogo zinazopita chini ya kurasa. Aliacha pengo moja tu, la tarehe, na akaagiza lisijazwe kwa mashine.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Herufi, alizaliwa Jumanne, tarehe 12 Mei 1964, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watano. Baba yetu alikuwa karani wa ghala. Mama yetu ni fundi cherehani. Mama hakuwahi kukanyaga darasani, lakini akikutazama mara moja anakijua kiuno chako, hata kama wewe mwenyewe unakikana. Tulikulia katika vyumba viwili, cherehani ikiwa dirishani na vipande vya vitambaa vikiwa kila mahali, hata kwenye sufuria. Kabla ya kujua a, e, i, o, u, sote tulizijua alama za chaki za mama: mstari mrefu ni kata, vitone ni kunja, na eksi ni mahali kifungo kinapokaa.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1972 hadi 1978, na sekondari kuanzia 1979 hadi 1982. Akiwa kidato cha pili alikamatwa na kopo la rangi mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu. Alipoulizwa anafanya nini, alijibu kwamba maandishi ya mlangoni yalikuwa yanateremka, na mwalimu mkuu hafai kuteremka. Aliadhibiwa kufagia uwanja kwa wiki nzima. Wiki iliyofuata aliitwa tena ofisini, akapewa brashi na milango kumi na mmoja iliyobaki. Baadaye alijiunga na chuo cha ufundi, akapata cheti cha uandishi wa mabango mwaka 1984.

Kazi aliianza Februari 1985, kwa bango la kinyozi. Alikuwa na mazoea yake, na wateja waliyalalamikia kweli kweli. Akimaliza bango hapokei hata pongezi. Anashuka kwenye ngazi, anawasimamisha wapita njia watatu, mmoja mmoja, na kuwauliza, “Hapa wanafanya nini?” Mmoja akikosea, anafuta. Muuza nyama mmoja alifutiwa bango mara mbili, akapandwa na hasira.

“Fundi, mimi nauza nyama, siuzi maswali!”

“Yule mama amesema unauza viatu,” marehemu alimjibu, huku kitambaa cha kufutia kikiwa tayari mkononi.

Mashine za kuchapa mabango zilipoingia, brashi zikakosa kazi. Hakukaa kulia. Mwaka 2002 aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji kama mpanga kurasa, akajifunza kompyuta akiwa na miaka thelathini na minane, na wenzake waliomcheka mwanzoni walikuwa wa kwanza kumwita mambo yalipowakwama. Kwa masomo ya jioni alipata shahada ya kwanza mwaka 2011.

Nimeruka ndoa, na shemeji ameshaanza kunitazama. Shemeji yetu ni seremala. Yeye ndiye aliyekuwa akimtengenezea mbao za mabango. Siku moja alimletea ubao ulioandikwa tayari kwa mkono wake mwenyewe: NAOMBA TUOANE. Marehemu aliusogeza mbali, akaukagua kama kazi ya mteja, akasema, “Herufi umezibananisha mno. Lakini jibu ni ndiyo.” Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 19 Desemba 1987, wakajaliwa watoto wawili. Ubao ule bado uko sebuleni kwao, na herufi hazijawahi kurekebishwa.

Sasa tufike pale ambapo sisi ndugu zake tunavimba kichwa, na leo mtuvumilie. Septemba 2014, akiwa na miaka hamsini, marehemu alianza shahada ya uzamili ya usanifu wa michoro na mawasiliano kwa picha. Darasa lilikuwa na wanafunzi kumi na wanne, na wengi walikuwa na umri wa mwanawe. Walimwita Bibi wa Darasa. Alichagua utafiti uliomkera kwa miaka mingi: watu wanaotoka hospitalini na mfuko wa dawa wasioweza kuusoma. Alibuni alama kumi na mbili za kubandika kwenye dawa, ili asiyejua kusoma naye ajue afanye nini. Moja ilikuwa ya dawa ya kupaka ngozi inayounguza macho: jicho, na juu yake eksi nyekundu.

Jumapili moja ya Aprili 2016, zikiwa zimebaki wiki tatu atetee utafiti wake mbele ya jopo, alimpelekea mama kazi ile. Alikiri baadaye kwamba hakwenda kuuliza, alikwenda kujidai. Mama alivaa miwani, akazipitia alama moja moja, akafika kwenye jicho.

“Hii nimeipenda,” mama alisema. “Haina maneno mengi.”

“Inasemaje, mama?”

“Inasema dawa itiwe hapa hapa, jichoni. Si umeweka eksi?”

“Mama, hiyo maana yake usitie!”

“Tangu lini? Mimi nikiweka eksi, kifungo kinakaa hapo. Na wewe umenishonea vifungo humu ndani miaka mingapi?”

Marehemu alituambia kwamba alikaa chini, juu ya rundo la sare za watu. Watu watatu alikuwa amewauliza, kama kawaida yake, lakini aliwauliza chuoni: mwanafunzi mwenzake, mkutubi na mhadhiri. Wote walikuwa watu waliosahihishiwa madaftari tangu utotoni, wanaojua kwamba eksi ni kosa. Mtu aliyekusudiwa na kazi ile hakuwahi kuwa na daftari.

Kesho yake alikwenda kwa msimamizi wa utafiti wake kuiondoa kazi. Msimamizi alimsihi. Jopo lilikuwa limeshapangwa, na kuahirisha kulimaanisha kuanza upya na kupoteza zaidi ya mwaka.

“Huyo ni mtu mmoja tu,” msimamizi alisema.

“Huyo mmoja ndiye niliyemchorea,” marehemu alijibu.

Nyumbani nako hakukuwa shwari. Shemeji alihofia watu wangesema ameshindwa. Sisi ndugu zake, na tukiri leo, tulimshauri aache eksi yake ipite, apate joho, mengine atarekebisha baadaye. Alitusikiliza wote hadi mwisho. Kisha akasema, “Wacha waseme. Jicho la mtu halisubiri mahafali yangu.”

Mwaka ule mzima alikaa kwenye mabenchi ya zahanati, akiwaonyesha wagonjwa michoro yake. Kati ya watu arobaini na mmoja, tisa hawakuielewa eksi, na wanne kati yao waliisoma kama mama. Jibu alilipata kwa mama huyo huyo. Tulipokuwa wadogo, mtoto akiisogelea pasi ya mkaa, mama hakupiga kelele, kwa kuwa mdomoni alikuwa na pini. Aliinua mkono tu, kiganja mbele, na kastabini, kile kikofia cha chuma cha kukinga kidole na sindano, ikiwa bado kidoleni. Hakuna mtoto aliyewahi kuuliza mkono ule unasema nini. Marehemu aliuchora ukiwa kati ya chupa na jicho. Safari hii wote arobaini na mmoja walielewa.

Alitetea utafiti wake Jumanne, tarehe 14 Novemba 2017. Mjumbe mmoja wa jopo aliuliza kwa nini kidole cha kati cha mkono ule kimevaa kofia. “Huo ni mkono wa msimamizi wangu wa pili,” marehemu alijibu, “na yuko nyuma yako.” Mama alikuwa ameketi mstari wa nyuma, amevaa gauni aliloshona kwa ajili ya siku hiyo. Marehemu alifaulu kwa daraja la juu kuliko wote darasani. Mwaka uliofuata, alama zake zilianza kubandikwa kwenye dawa za hospitali yetu kuu, na zipo hadi leo.

Oktoba 2022 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Ugonjwa ulimletea mwasho mkali, akapewa dawa ya kupaka. Muuguzi kijana alimwonyesha chupa, akamweleza polepole, “Bibi, unauona mkono huu? Maana yake usitie machoni.” Marehemu alimwacha amalize, akamsifu kwa kueleza vizuri, kisha akamuuliza kama anajua ule ni mkono wa nani. “Wa daktari,” muuguzi alijibu. Marehemu alicheka hadi akashika ubavu. Ndiyo siku tuliyomwona akicheka kuliko zote katika ugonjwa wake.

Alifariki dunia Ijumaa, tarehe 9 Juni 2023, saa nne asubuhi, nyumbani, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mama. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na tisa. Tarehe hiyo, kwenye jalada, imeandikwa kwa brashi na binti yake, kama alivyoagiza.

Ameacha mume, seremala wake, binti ambaye ni mpanga kurasa, mwana ambaye ni mwalimu, wajukuu watatu, wadogo zake wanne, na mama yetu, mwenye miaka sabini na saba, aliyeketi hapa mbele.

Huenda mmejiuliza picha za chini ya kurasa ni za nini. Ni wasifu huu huu, kwa ajili ya mama. Tangu nianze kusoma amekuwa akifuata kwa kidole: cherehani, mlango, ngazi, ubao, joho, chupa. Kijitabu kilipoletwa jana kutoka kwa mchapaji, hakumwomba mtu amsomee. Alifika ukurasa wa mwisho, ambao hauna neno wala picha, ila moja ya zile alama za chaki za mama, eksi. Sisi tulidhani mashine imekosea. Mama aliweka kidole juu yake, akasema, “Hapa ndipo mahali pake. Mwanangu amekaa vizuri.”

Upumzike kwa amani, Fundi. Kama desturi yako, tumeuliza watatu kuhusu kijitabu hiki, na wote wameelewa.