Mgongo Uliorudi Ngomani: Mzee Jairus Andati, 1953–2025

Mzee Jairus Andati alizaliwa Shinyalu tarehe 4 Mei 1953, wa kwanza kati yetu watano. Mimi ninayesoma ni Mildred, kitinda mimba, na alinibeba mgongoni mpaka nikajua kutembea. Alidai hapo ndipo mgongo wake ulipoanza kuharibika. Uongo mtupu!

Alisoma hadi darasa la saba, 1968, karo ikakosekana. Mwaka 1974 alianza kupakia miwa kwenye matrela huko Butere. Jumamosi alipiga isukuti, ngoma yetu ya Waluhya, arusini, na kwenye arusi moja akamwona Pascalia akicheza. Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1981, wakajaliwa Mitchel na Oliver.

Mwaka 2013 mguu wa kushoto ulianza kumchoma. Aliupaka kila dawa, hata ya ng'ombe. Arusi ya Mitchel ilikuwa inakaribia naye hawezi kuinua ngoma. Alilia kama mtoto. Ndipo Moraa, mtaalamu wa mazoezi ya viungo hapa Kakamega, akamwambia, "Mzee, unapakanga mguu bure. Uti wa mgongo ni pingili, kama za mua. Kati ya pingili kuna diski laini kama mto. Yako moja imetokeza, inabana neva inayoshuka mpaka unyayo. Mguu unalia tu, lakini anayeumizwa yuko kiunoni."

"Kwa hivyo nilale?"

"Ukilala sana utakauka. Tembea!"

Alitembea, alijinyoosha, alinung'unika. Agosti 2014 alipiga isukuti kwenye arusi ya Mitchel mpaka mchungaji akavua koti. Jameni, siku hiyo tulicheza! Tangu hapo hatukupumua: ukiinama kuinua hata sufuria, "Kunja magoti!" Katekista aliambiwa hivyo akiokota sadaka, mbele ya kanisa zima.

Machi mwaka huu alishikwa na homa ya mapafu, akatuacha tarehe 9, nyumbani kwake. Mgongo msiulaumu, haukuhusika.

Ameacha mjane Pascalia, watoto Mitchel na Oliver, wajukuu, nasi ndugu zake.

Miaka hiyo yote Pascalia alimwamsha kwa swali moja: "Baba Mitchel, leo panauma wapi?" Hakukosa mahali pa kutaja. Asubuhi ya mwisho alijigusa kiuno, akajigusa mguu, akacheka kidogo. "Leo sipaoni, Mama Mitchel."

Apumzike hivyo hivyo, kaka yangu, kwa amani.