Gerson Chilumba, Aliyewaonyesha Wakaguzi Mahali Palipoungua

Gerson Reginald Chilumba alizaliwa Lulindi tarehe 3 Machi 1969, mtoto wa nne wa marehemu Mzee Reginald na Bi Stella, ambaye ni dada yangu. Mimi mjomba wake, Abdulrazaki, nilimchagulia jina zuri kuliko hilo, wakalikataa. Tangu anatambaa hakutulia. Mama yake alimfunga kwa kanga kwenye mguu wa kitanda, kitanda kikahama.

Alisoma shule ya msingi Lulindi, 1977 hadi 1983, kisha sekondari Chidya hadi 1987. Walimu walisema ana akili, ila kiti chake hakina mtu. Mjomba wake aliishia darasa la nne na hadi leo hajaona alichokosa. Baadaye alisomea misitu Arusha, akawa bwana misitu Newala kuanzia 1992.

Tarehe 6 Julai 1996 alifunga ndoa na Winfrida Nakajumo wa Chiwata. Asubuhi ya harusi bwana harusi alitafutwa kila mahali, akakutwa shambani kwa wakwe akiwaelekeza kupogolea mikorosho.

Mwaka 2015 aliacha kazi ya serikali, akahamia Chiwata na kuanzisha na wenzake kikundi cha wakulima wa mikaratusi. Kiwanda cha karatasi kilikubali kununua magogo yao kwa sharti la cheti, maana wanunuzi wa karatasi huko nje wanataka kujua kama mti uliokatwa umepandiwa mwingine, na kama msitu wa asili umeachwa salama. Cheti kilipatikana 2019. Wakaguzi wakawa wanakuja kila mwaka, na watu wakaezeka bati.

Sasa, hapa sote tunakula panya, tusidanganyane mbele ya jeneza. Oktoba 2022 wawindaji walichoma majani ili panya watoke mashimoni, kama tulivyozoea. Upepo ukageuka, moto ukaingia msitu wa asili wenye chemchemi, na wakaguzi wako njiani. Wazee tukakubaliana wageni wapitishwe upande wa pili, kwenye kijani kitupu, kisha walishwe kuku mpaka wasinzie. Mpango huo niliutunga mimi, na ulikuwa mpango safi. Gerson akawapokea wageni, akawapeleka moja kwa moja kwenye majivu. Nilimvuta shati. Akanijibu mbele yao, kwa adabu zote:

“Shikamoo, mjomba. Nikiwaficha hapa, mwakani nitawaficha wapi?”

Cheti kikasimamishwa. Magogo yakalala kando ya barabara mpaka yakapasuka. Watu wakamwita Baba Majivu, na baadhi yao wapo hapa leo, wamevaa nguo nyeusi na wanalia vizuri. Yeye alifyeka njia za kuzuia moto, akazunguka vijiji akiwaomba wawindaji watumie jembe na mitego. Kila alipofika alikula panya wa kuchimbwa, akaapa kuwa ladha ni ile ile. Si ile ile, lakini polepole watu walimsikiliza.

Mei mwaka huu, 2024, moyo ulianza kumsumbua. Daktari alimwambia apumzike, sawa na kumwambia siafu. Jumamosi tarehe 14 Septemba, alasiri, akiwa kitandani aliona moshi nyuma ya kilima, akaomba viatu.

“Lala, Baba Ethel,” mkewe akamwambia. “Nitakwenda mimi.”

Winfrida alikwenda, akamkuta jirani yao Sikudhani akiwapikia ugali vijana wanaofyeka njia ya moto. Aliporudi na habari hiyo, Gerson alikuwa ameegemea ukuta, amekata roho, kiatu kimoja mguuni.

Wakaguzi wanarudi Alhamisi hii kuamua kama cheti kitarudishwa. Ni msimu wa panya, upepo mkali, na wapo wenye viberiti mfukoni. Nawajua kwa majina. Namstahi padri tu. Asichome mtu. Wageni nitawapokea mimi, nao watapita kila watakapotaka, hata nikiona aibu.

Marehemu ameacha mama yake, Bi Stella, mjane, Winfrida, watoto watatu, Ethel, Upendo na Yeremia, wajukuu wawili, na mjomba ambaye alitegemea kuzikwa naye, si kumzika.

Gerson, moshi ule ulikuwa wa jikoni. Vua kiatu, mpwa wangu, ulale kwa amani ya Mungu.