Filomena, Mtani Aliyechoshwa na Neno Jikaze

Wasikilizaji wapendwa, mlio jikoni, mlio shambani, na wewe ambaye bado umelala mpaka saa hii, hamjambo. Leo tunamkumbuka Bibi Filomena. Filomena wa Kidete, aliyezikwa Mikumi Jumamosi iliyopita. Kama hukumjua, kaa usikilize. Kama ulimjua, basi aliwahi kukufokea.

Filomena alikuwa mtoto wa reli. Baba yake, Mnyamwezi, alikuja Kidete kushindilia kokoto chini ya mataruma, akaoa, akabaki. Kwa hiyo Filomena alikuwa mtani wa Wasagara. Hilo lishikeni. Mtani huja msibani akamcheka mfiwa, na mfiwa hana pa kushtaki.

Siku hizi mtu akizidiwa na mawazo kuna mshauri, ana kiti na ofisi. Wakati ule kulikuwa na neno moja tu: jikaze. Mtoto kaona mwenzake anachukuliwa na mto Mkondoa, hasemi tena. Jikaze! Mzazi mchanga analia, hataki kumtazama mwanawe. Jikaze, mbona wenzio wamezaa! Mzee kazika mke. Jikaze, wewe mwanamume! Neno moja kwa watu wote, kama dawa ya minyoo. Filomena akilisikia alisonya mpaka kuku wakakimbia. "Mnanichosha! Ajikaze mara ngapi? Yeye kamba?"

Sasa ya Mzee Mathayo.

Ilikuwa mwaka sabini na nne, Operesheni Vijiji. Malori yaliwashusha Wasagara wa milima ya Lumuma, yakawapanga Kidete kwa mistari kama mahindi. Mzee Mathayo alishushwa pamoja na kinu, mbuzi wawili, na mkwe wake Lea. Mkewe Raheli alibaki. Raheli alikuwa kaburini kule juu, ametangulia wiki chache tu. Matanga hayajaondolewa, lori likapiga honi.

Mzee akajenga kuta. Alipofika kwenye paa, akaacha. Akapindua kinu, akakalia, uso umeelekea milimani. Ugali anautazama unapoa. Mawingu ya masika yanakusanyika. Lea akaona wazi kwamba baba mkwe anakufa huku ameketi.

Watu wakaja. Jikaze, mzee. Jikaze. Balozi wa nyumba kumi, Oswald, akaja na lake. "Shikamoo mzee. Nyumba bila paa ni kupinga maendeleo."

"Marahaba," akasema Mathayo. Basi. Hilo ndilo lilikuwa neno lake la wiki nzima.

Lea akakimbilia kwa Filomena. "Dada, baba ananifia."

"Raheli alitaniwa?"

"Nani angemtania? Tulikuwa tunafunga mizigo!"

"Mnanichosha! Mmemhamisha mtu na msiba wake mgongoni. Lete kanga ya marehemu."

Maana desturi ni hii: siku ya kuondoa matanga, mtani huvaa nguo ya marehemu, akatembea kama yeye, akasema kama yeye. Watu wacheke, walie, ndipo msiba uishe. Raheli hakufanyiwa.

Filomena akajifunga kanga ya Raheli, akaingia uwanjani bila shikamoo. Kwa mzee! Bila shikamoo! Akachechemea mguu wa kushoto. "Mathayo! Nimekuacha juzi tu umeshakuwa kisiki? Ugoro umejaa kifuani. Paa liko wapi?"

Mzee anatazama milima. Akafoka tena. Akafoka mpaka sauti ikamkauka, akageuka aondoke, amechoka kweli.

"Raheli hakuchechemea mguu huo," mzee akasema.

"Alichechemea upi?"

"Wa kulia. Na hakuniita Mathayo. Aliniita 'mzigo wangu'."

"Onyesha basi, Msagara wewe, mjuzi wa kila kitu!"

Mzee akainuka kwenye kinu. Akachechemea uwanja mzima, mikono kiunoni, akijigombeza kwa sauti ya mkewe. Lea alicheka mpaka akakaa chini. Mzee naye akacheka. Halafu kilio kikamtoka, kama cha ng'ombe. Balozi Oswald akaja mbio. "Mzee, jika..." Filomena akamziba mdomo kwa ncha ya kanga. Palepale.

Mzee alilia, akasimulia, akalia tena. Filomena alikaa chini akichambua mboga za Lea, akisema neno moja tu: "Enhe." Jua lilipoinama, mzee akaomba ugali.

"Kula," akasema Filomena. "Na nyasi za paa nani akate, marehemu?"

Masika yalikuta paa lipo. Limepinda, lakini lipo.

Msidhani watu walielewa. Oswald alidhani ameokota ufundi. Akaenda kwa mjane mmoja, akavaa kofia ya marehemu, akaanza kumwigiza. Wala hakuwa mtani wake! Alirudi na alama ya mwiko kwenye paji la uso. Jamani, wasikilizaji.

Uzeeni Filomena alihamia Mikumi kwa binti yake, Costancia. Huko ndiko alikofia. Na msibani mambo yalikuwa hivi: kipaza sauti kipo, sare zipo, mpiga picha yupo. Mtani hayupo. Na kila aliyemshika mkono Costancia alisema nini? Si lilelile!

"Macho yalinikauka," anasema Costancia. "Nikawa napokea wageni kama karani."

Ndipo Lea akashuka kwenye basi la Kilosa. Bibi sasa, fimbo mkononi. Hakusalimu mtu. Aliomba kanga ya marehemu, akajifunga, akasimama mlangoni, akawatazama waombolezaji na sare zao. "Mnanichosha!"

Costancia akamtazama. "Mama alikuwa anasonya kwanza," akasema.

"Onyesha basi," akasema Lea.

Costancia akasonya. Akacheka. Ndipo akamlilia mama yake.

Costancia, pole. Pole wewe na ndugu zako wote. Tunaishia hapo, hatuongezi neno.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, yule mtoto aliyenyamaza, yule mzazi mchanga anayelia, yule mzee anayetazama mbali, wamo nyumbani mwenu. Msijifanye hamwaoni. Nenda ukakae naye. Chambua mboga. Akianza kusema, sema "enhe." Na likikujia mdomoni lile neno jingine, jizibe kwa ncha ya kanga. Kama huna kanga, azima.