Gari Lililorudishwa Getini

Ndugu mliosafiri na mliotoka nyumba ya pili, wanajeshi wastaafu na mlio bado kazini, majirani na marafiki, familia imemkabidhi msomaji wa historia hii, ambaye ni mdogo wa marehemu wa tumbo moja, kazi ya kusoma karatasi hizi nne mbele yenu, naye anaomba mumvumilie, kwa sababu tatu zimeandikwa na familia, na ya nne ameiandika mwenyewe leo asubuhi bila kumwonyesha mtu.

Kaka yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mapigo, kwa kuwa hakuwahi kumpa mtu mkono bila vidole vyake kutambaa hadi kwenye kifundo na midomo yake kuanza kuhesabu kimyakimya, alizaliwa Jumatano, tarehe 9 Aprili 1952, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita, baba akiwa fundi viatu na mama akiwa mfuaji wa mashuka ya hospitali, hivyo nyumba yetu ilinuka gundi upande mmoja na dawa ya kuulia vijidudu upande wa pili, na marehemu alikuwa akisema kwamba alichagua upande mapema.

Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1960 hadi Desemba 1966, kisha sekondari kuanzia 1967 hadi 1970, akafaulu masomo yote isipokuwa kuimba. Siku ambayo watu wa rika lake hawaisahau ni ile ya mwaka 1969, mwalimu wa useremala alipojikata kidole gumba kwa msumeno, karakana nzima ikakimbilia mlangoni, msomaji wa historia hii akiwa miongoni mwa waliotangulia, na marehemu akabaki ndani, akavua shati lake jeupe la shule, akakifunga kile kidole, akaushikilia ule mkono juu ya kichwa cha mwalimu mpaka msaada ulipofika, na aliporudi nyumbani alichapwa kwa kuharibu shati.

Tarehe 5 Julai 1971 alijiunga na jeshi, mwaka uliofuata akapelekwa kozi ya uganga kwa miezi kumi na minane, na kuanzia hapo alifanya kazi katika zahanati za kambi, kwenye mazoezi ya porini na katika kila maafa ambayo jeshi liliitwa kusaidia, hadi mwaka 1988 alipofanywa mkufunzi. Wanafunzi wake, ambao wengine wamekaa safu ya pili hapa na mvi zao, watakumbuka jinsi alivyowafunga vitambaa machoni wakafungana bendeji kwa kupapasa, na jinsi alivyowaambia kwamba anayepiga kelele ana pumzi, huyo mwacheni kwanza, mkimbilieni aliyenyamaza. Alistaafu tarehe 30 Juni 2004 akiwa Afisa Mteule Daraja la Pili.

Kuhusu ndoa, ukweli usemwe. Mwanzoni mwa mwaka 1975 marehemu alianza kupeleka sare yake kwa fundi cherehani wa karakana ya kambi kila wiki, kifungo kimetoka, na mara ya tano yule fundi, mwanamke asiye na haraka, aliukagua uzi kwenye mwanga wa dirisha akamwambia kwamba uzi uliokatika wenyewe huwa na nywele nywele, huu umekatwa kwa mkasi, tena mkasi mkali wa hospitali, basi kama ana neno alitoe, vifungo aviache. Neno lilitoka, wakafunga ndoa Jumamosi, tarehe 16 Oktoba 1976, wakajaliwa watoto wanne, binti wa kwanza mwaka 1978, wana wawili mwaka 1980 na 1984, na binti kitinda mimba mwaka 1989.

Nyumbani alikuwa baba aliyekuwepo. Popote alipopangiwa kazi alirudi likizo yake yote, hakubakiza hata siku moja kwa ajili ya marafiki, na kila Jumamosi asubuhi watoto walipanga mstari kwa urefu uani, akakagua kucha, masikio na koo kwa mpini wa kijiko, na watoto wa majirani nao wakajichomeka mstarini bila kualikwa, na aliyekuwa na kidonda alioshwa bila kuulizwa ni wa nani. Chanjo aliwashikilia mwenyewe, mama yao akitoka nje asiwasikie, yeye akisema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, ingawa kitinda mimba anashuhudia kwamba baba yao naye alikuwa akijifuta macho. Mke wake alipopata kiharusi mwaka 2013, alimwogesha, alimgeuza na kumlisha kwa mkono wake kwa miaka mitatu, hakumwachia mwingine kazi hiyo mpaka shemeji yetu alipofariki tarehe 11 Machi 2016, na mgongo wake haukuwa na kidonda hata kimoja.

Sasa tunafika kwenye ugonjwa, na hapa ndipo karatasi ya nne inapoanza.

Mwezi Februari mwaka huu, 2023, akinyoa ndevu, marehemu aliyatazama macho yake kwenye kioo akaona manjano, akaenda hospitali mwenyewe, na tarehe 20 akaambiwa ana saratani ya kongosho, imeshafika kwenye ini. Alihamia kwa binti yake mkubwa, fundi cherehani kama mama yake, akalala kwenye chumba cha mbele ambacho binti alikuwa akishonea. Msomaji na wale wana wawili hawakukubali kukaa mikono mfukoni, wakahangaika hadi wakapata nafasi katika hospitali kubwa, safari ya siku mbili, ambako madaktari walikuwa tayari kujaribu upasuaji bila kuahidi chochote, na Jumatatu tarehe 4 Septemba gari la wagonjwa likafika getini. Binti alitoka na futi ya kupimia nguo ikining'inia shingoni, akasimama katikati ya geti, akasema kwamba baba haendi, akamshukuru dereva, gari likageuza.

Wengi wenu mlisikia kilichofuata, kwa sababu kilisemwa kwa sauti. Msomaji wa historia hii alimwambia binti wa kaka yake, mbele ya dereva na majirani, kwamba anajifanya daktari na kazi yake ni kupinda suruali, kwamba anamnyima baba yake uhai kwa sababu anasubiri nyumba, na hakuishia hapo, alipiga simu kwa ndugu mmoja baada ya mwingine akiyarudia hayo, mpaka maneno yakazunguka mtaa na kumsubiri binti huyo dukani na kisimani. Kwa wiki tano hakujibu neno. Alikaa kwenye kigoda kando ya kitanda, akampa dawa kwa saa zake, akashona kwa mkono ili cherehani isimsumbue mgonjwa, na Alhamisi tarehe 12 Oktoba, saa nne asubuhi, kaka yetu alikata roho mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa binti yake.

Juzi, Ijumaa, tukitoa vitu chumbani, binti alimpa msomaji kadi. Walio jeshini wanazijua. Palipo na majeruhi wengi, mganga humfunga kila mmoja kadi yenye rangi, nyekundu atangulie, njano asubiri, kijani atembee mwenyewe, na ipo nyeusi, ya yule ambaye kumbeba ni kumuumiza bure. Katika ajali ya treni ya mwaka 1986 marehemu alizifunga kadi nyeusi tatu, na alipomaliza kazi, wenzake walipokwenda kupumzika, alirudi akakaa na mmoja wao aliyekuwa bado anapumua, mpishi wa treni, mpaka mwisho, kwa sababu alisema mtu akishafungwa kadi hiyo hastahili kuachwa peke yake. Kadi aliyotoa binti ni nyeusi, ina namba ya jeshi ya marehemu na mwandiko wake wa herufi kubwa, tarehe 21 Februari, imeandikwa kwamba mgonjwa asihamishwe, apewe dawa ya maumivu kila baada ya saa sita, asiachwe peke yake.

Alikuwa nayo siku ile getini, mfukoni mwa aproni. Baba yake alimwapisha asiionyeshe hadi yeye awe amekufa, hasa kwa baba mdogo, kwa kuwa alimjua mdogo wake, angekuja kugombana naye kitandani, na nguvu za kugombana hakuwa nazo.

Kwenye historia ya marehemu haisemwi kwamba marehemu alikosea. Leo itasemwa. Kaka alijua atakachoambiwa binti huyu, akamwacha achukue peke yake mzigo ambao wanaume watatu wazima wangeweza kuubeba naye, na sababu ya kufanya hivyo ni sisi, hasa mmoja wetu, ambaye ukali wake ulimtisha hata mtu anayekufa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliosema ukweli mapema na kutupa dawa ya maumivu bila kutuzungusha, inawashukuru majirani mlioleta maji, viti na muda wenu, inawashukuru maafisa na askari mliokuja kumbeba mwenzenu, na wale wote ambao hatukuwataja.

Ratiba mliyonayo mkononi inasema kwamba nyuma ya jeneza atatangulia mdogo wa marehemu. Ifuteni. Atatangulia binti mkubwa, na msomaji atakwenda mwisho wa msafara, nyuma ya wale aliowapigia simu. Maji yaliyomwagika hayazoleki, hilo analijua, lakini aliyasema mbele ya watu na mbele ya watu anayakana, hayakuwa kweli, hata moja.

Pumzika kwa amani, kaka. Mwanao nimemwomba radhi jana akaninyamazia, na leo nimemwomba tena mbele yenu, na kesho asubuhi nitakuwa getini kwake.