Mtandao wa Kumfikia Rozina

Baridi ya Julai ikishuka Sumbawanga kutoka milima ya Mbizi, watu hawakimbii kijiwe, wanasogeleana tu. Benchi la barazani kwa Faruk, pale Chanji, lilitengenezwa kwa ajili ya watu watano, lakini Jumamosi ile watu wanne na makoti yao walilijaza. Kulsumu, muuza kahawa, alikuwa ameshatenga birika la kahawa juu ya jiko la mkaa, sahani ya kashata pembeni. Faruk mwenye duka wanamwita Bando, kwa kuwa anauza vocha na simu. Wilibrodi ni Mtaro. Aliwahi kuwa kibarua wa kuchimba mtaro wa nyaya za intaneti kwenye barabara ya Tunduma, na tangu hapo huzisemea nyaya zote za nchi hii kama mali ya ukoo wake. Abel, mdogo kuliko wote, hufunga madishi ya televisheni, basi naye ni Dishi. Wa nne alikuwa mzee Loth, mstaafu wa misheni, ambaye mtaa mzima unamwita Ova.

Siku hiyo hoja aliileta Loth mwenyewe. Aliweka kikombe chini, akafuta masharubu.

— Nataka kuweka intaneti nyumbani. Ya uhakika. Niambieni, niweke ipi?

Hakuna aliyetania, maana walijua kisa. Mwezi wa tatu mkewe, Rozina, alipigwa na kiharusi. Alipelekwa hospitali Mbeya, na alipotoka akabaki huko huko kwa binti yao Bertilla, awe karibu na watu wa mazoezi ya viungo. Mguu ulianza kurudi. Maneno hayakurudi. Simu ya kawaida ikawa haina maana tena, kwa sababu Loth angesema yake yote na kujibiwa na pumzi tu. Ikabidi waonane kwa video, na kila jioni video ilikuwa ikiganda: Rozina mdomo nusu wazi, jicho moja limefumba, amekwama hivyo hivyo mpaka simu inakatika.

— Mzee wangu, hilo jepesi, — alisema Faruk. — Chukua ruta ya laini. Kadude kama kipande cha sabuni ya mche. Unachomeka kwenye umeme, unatia laini, nyumba nzima inashika. Ukienda shamba Mpui, unakabeba mfukoni.

— Na kanatoa wapi hiyo intaneti? — aliuliza Wilibrodi.

— Mnarani.

— Mnara ule ule ambao jioni Chanji nzima imeuning'inia inaangalia mpira. Ndiyo hiyo hiyo inayomgandishia mke wake sasa hivi. Loth, nisikilize mimi. Weka waya. Faiba inapita chini ya ardhi, haijui mvua, haijui upepo. Ndani yake kunapita mwanga. Niliushika waya ule kwa mikono yangu, uzi mwembamba kama unywele.

— Kwako umefika? — aliuliza Loth.

— Haujafika.

— Kwangu utafika lini?

— Umeishia kule kwenye maofisi. Lakini unakuja.

— Unakuja tangu nikiwa darasa la sita, — alisema Abel. — Washikaji, mbona mnamchosha mzee? Dawa ni dishi. Unalifunga juu ya bati linatazama setilaiti, mambo ya mnara na mtaro unaachana nayo. Tena sisi huku Ufipa tuna bahati. Tupo juu. Mtu wa Dar es Salaam yuko chini kabisa baharini, sisi tumeshapanda nusu ya safari. Intaneti ikishuka inatugusa sisi kwanza.

— Nani kakwambia?

— Hesabu tu, mzee Mtaro.

— Basi kwa hesabu hiyo hata mbolea tungeanza kupata sisi, — alisema Wilibrodi, na Kulsumu akacheka huku akimimina.

Faruk hakukubali kushindwa. Alieleza kwamba intaneti ya bando huwa nzito mwanzo wa mwezi, kama maziwa yaliyokamuliwa sasa hivi, halafu kadiri siku zinavyokwenda wanaiongezea maji. Mtu mwenye akili anaweka video zake zote kati ya tarehe moja na tarehe tano. Wilibrodi akajibu kwamba tatizo la bando ni baridi. Hewa ya Sumbawanga mwezi wa saba ni nene, maneno yanapita, lakini picha ina mabega mapana, inakwama. Abel alisema hata fuko wanajua utamu wa faiba, wanaitafuna usiku ili wapate kuona njia.

Loth aliwasikiliza huku vidole vyake vikikizunguka kikombe kutafuta joto. Kila walichosema kilimrudisha nyuma, kwenye chumba kidogo cha misheni chenye harufu ya maji ya betri.

— Sisi tulikuwa na redio, — alisema taratibu.

Wilibrodi na Faruk walikuwa wamekisikia kisa hiki mara nyingi, Abel mara mbili. Hata hivyo walisogea.

— Mwaka wa themanini na sita. Redio ya upepo, ya kuitana kituo kwa kituo, betri ya gari, na waya wa antena nimeufunga kati ya mikaratusi miwili. Kila siku saa tatu asubuhi naita vituo. Laela, Mpui, Wampembe. Nani anaumwa, dawa gani imekwisha, boti imefika au haijafika. Ukimaliza kusema unasema ova, mwenzako naye aseme. Ukisahau ova, mnabaki wote mnasubiriana.

— Na Wampembe alikuwa Rozina, — alisema Faruk.

— Zahanati ya Wampembe, kule chini ziwani. Miezi kumi na minne namsikia tu, simjui sura. Nilijua akiwa na mafua. Nilijua akiwa amekasirika, alikuwa anasema ova kabla sentensi haijaisha. — Loth alitabasamu. — Na ile redio haina siri. Ukiongea na mmoja, Ufipa nzima inakusikia. Asubuhi moja nikajikaza. Nikamwambia, Wampembe, nina ombi lisilo la dawa. Ukikubali nije na wazee wangu, sema ndiyo. Ova.

— Akasemaje? — aliuliza Abel, ingawa alijua.

— Kimya. Nasikia mvumo tu. Mara Laela ikaingia, alikuwa sista mmoja mtu mzima, Sista Bertilla, Mungu amrehemu. Anasema, Wampembe jibu, tunasubiri, ova. Ndipo Rozina akasema, rudia, sijakupata vizuri, ova. Alikuwa amenipata vizuri sana. Alitaka wote wasikie mara ya pili. Nikarudia. Akasema ndiyo.

Abel alitikisa kichwa.

— Ndiyo maana binti akaitwa Bertilla.

— Ndiyo maana.

Kila mtu akarudi kwenye kikombe chake. Loth aliwaza jinsi sauti ile ilivyompandia kutoka ziwani, ikipita makorongo yote yale, bila kukwama. Leo ana simu yenye kioo cha kiganja kizima na hawezi kumpata.

Wakati huo Tereza alikuwa amesimama kando ya jiko akinywa kahawa. Alikuwa mama mmoja kutoka Laela, mnunuzi wa ulezi, amekuja mjini kufuata magunia na amepita dukani kuweka vocha. Aliwaamkia wazee shikamoo Faruk alipokuwa akiisifia ruta, na hawakumtilia maanani sana. Sasa aliweka kikombe chake.

— Samahani wazee wangu. Huyo mama yuko wapi?

— Mbeya, — alisema Faruk.

— Mbeya hii hii?

— Hii hii.

— Si basi linatoka asubuhi, mchana umefika? — Tereza alimgeukia Loth, akamuuliza kwa upole kabisa, bila ubaya wowote. — Baba, kwa nini usiende?

Wilibrodi alitazama viatu vyake. Walimwona Loth barazani karibu kila siku kwa miezi minne, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza hivyo.

— Mahindi, — alisema Loth. — Nilikuwa na mahindi shambani.

Lakini mahindi yalikuwa ndani tangu mwezi wa sita, na wote walijua. Kulsumu aliinua birika ammiminie, likatoa machicha tu. Kahawa ilikuwa imekwisha.

Loth alibaki ameshika kikombe kitupu. Ukweli ni kwamba alikwenda mara moja, mwezi wa nne. Rozina alikuwa kitandani. Alipomwona alijaribu kumwita jina, likatoka neno jingine, akajaribu tena, likatoka lile lile, machozi yakaanza kumtiririka. Loth alisema anatoka nje kununua maji. Akaenda mpaka stendi, akapanda gari la kurudi. Hakuwahi kumwambia mtu. Bertilla hakuwahi kumlaumu, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Simu ikiganda ilikuwa afadhali. Ikiganda alikuwa na kitu cha kulaumu.

— Niliogopa, — alisema mwishowe.

Hakuna aliyeondoka. Wilibrodi alisema:

— Mimi nitakulishia kuku.

— Nakukatia tiketi sasa hivi, — alisema Faruk akiingia dukani kuchukua simu.

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi Loth alikuwa kwenye basi, na saa nane mchana Bertilla alimfungulia mlango. Hakumuuliza kitu. Alichukua mfuko wake, akamwelekeza uani.

Rozina alikuwa amekaa kwenye kiti juani, kanga magotini. Alimtazama muda mrefu. Loth alikuwa amepanga maneno tangu Tunduma, yote yakampotea. Alichuchumaa mbele yake.

— Nilikimbia, Mama Bertilla. Nimerudi.

Midomo ya Rozina ilihangaika. Safari hii Loth hakutafuta pa kutazama, alingoja. Neno halikuja. Badala yake mkono wa kushoto, ule mzima, ulipanda polepole hadi kifuani pa Loth, ukagusa koti. Alikuwa amelifunga vibaya kwa haraka ya alfajiri, kifungo cha juu kimeingia tundu la pili, upande mmoja umepanda, mwingine umeshuka, na hivyo ndivyo alivyosafiri nchi nzima ile akisalimiana na watu. Rozina alikichomoa kifungo, akakirudisha mahali pake. Kikamchukua muda. Akahamia cha pili.

Halafu akacheka. Mdomo ulienda upande, lakini kicheko chenyewe ugonjwa haukukigusa. Loth alikijua mara moja. Alisogea karibu kidogo ili Rozina akifikie vizuri kifungo cha tatu.