Dada Korongo na Nguzo za Bondeni

Tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya utumishi wa miaka thelathini na mitatu, msimamizi wetu wa kitengo cha laini za umeme anastaafu. Kwenye kitambulisho chake kuna jina kamili na picha aliyopigwa akiwa amekasirika, lakini kituoni hapa, kuanzia mlinzi wa getini hadi meneja, sote tunamwita Dada Korongo. Wageni hudhani jina hilo lilitokana na ndege aliowapigania. La hasha. Alilipata wiki yake ya kwanza juu ya nguzo, kwa sababu ya miguu. Ovaroli ndefu kuliko zote stoo ilimwishia katikati ya ugoko, mumewe, ambaye ni fundi cherehani, akaiongezea kitambaa cha rangi nyingine chini, na kwa mwezi mzima Dada akapanda nguzo akiwa amevaa rangi mbili kama bendera.

Aliajiriwa kuwa karani wa stoo. Kwa mwaka mzima aligawa mikanda ya usalama na vile vikombe vya kauri vinavyoshikilia nyaya, kisha akamwendea msimamizi wa enzi hizo akaomba naye apande. Mzee yule akamwambia, "Mwanangu, kule juu hakuna kiti." Naye akajibu, "Hata stoo hakipo, mzee. Kilivunjika tangu Januari." Alipandishwa nguzo siku hiyohiyo, pengine ili aogope, ashuke na ayaache maneno. Alifika juu, akajifunga mkanda, akauliza kazi iko wapi.

Alikuwa mwanamke wa kwanza katika kitengo chetu. Leo wako watano, na wanne kati yao amewafundisha yeye, kwa mikono yake na kwa ulimi wake, ambao haujawahi kupakwa asali. Aliwahi kumrudisha meneja mwenyewe getini kwa kukosa kofia ngumu, na meneja akarudi.

Lakini kilichofanya atajwe hata katika vituo vingine ni habari ya bondeni. Tunaiandika hapa kwa urefu, maana wengi wenu mliajiriwa mkaikuta imekwisha.

Laini ya bondeni hutoka hapa, hukatiza mashamba ya mpunga na mahindi, ikaishia hospitalini. Zamani kulikuwa na miti mirefu kwenye kingo za mto, na korongo walizalia humo. Miti ilipokatwa ili mashamba yapanuliwe, korongo hawakuhama. Waliangalia huku na huku, wakaona vitu virefu vilivyobaki ni nguzo zetu, wakahamia. Sasa kiota cha korongo si cha shomoro; ni mzigo mzima wa kuni. Mvua ikivilowesha vijiti vikagusa nyaya, umeme hauna budi kukatika.

Asubuhi moja ya mvua, korongo alitua na kijiti kirefu kibichi mdomoni, mabawa yake yakagusa nyaya mbili kwa pamoja, na laini nzima ikazimika. Hospitalini, mama mmoja alikuwa mezani akifanyiwa upasuaji wa kujifungua. Jenereta ilikohoa, ikawaka, ikanyamaza. Muuguzi mkuu wa chumba kile, ambaye ni mdogo wake Dada Korongo, tumbo moja, alimulika mikono ya daktari kwa simu yake mpaka mtoto akalia na mama akashonwa. Wote wawili walipona.

Sisi tulikuwa bondeni. Dada alishuka na yule korongo kifuani, mabawa yameungua. Akamlaza chini, akavua glavu. Kule juu makinda watatu walikuwa wameachama midomo. Bahati yao, mzazi wa pili alirudi akawalea.

Alasiri ile mdogo wake alifika ofisini kwetu bado amevaa sare. Alisema, "Dada, wewe ni mkubwa wangu na nakuheshimu. Lakini leo nilikuwa na roho mbili mkononi na simu inayokaribia kuisha chaji. Waondoeni hao ndege."

Dada hakubishana. Alimwambia tu, "Una haki."

Meneja akatoa amri: makinda wakisharuka, viota vyote vibomolewe. Dada aliitekeleza. Tulibomoa viota kumi na tisa, tukajaza malori mawili ya vijiti. Msimu uliofuata korongo walirudi wakajenga upya, wengine juu ya nguzo zilezile, na viota vikawa vikubwa kuliko vya mwanzo. Mcheshi wetu wa kitengo, fundi wa transfoma, akasema ndege hawa lazima wana hatimiliki.

Kikaoni likaletwa pendekezo la sumu. Hapo ndipo Dada aliposimama. "Sumu ikimwagwa bondeni," alisema, "watakaoinywa ni haohao tunaowapelekea umeme. Korongo hana ugomvi na sisi. Anatafuta mahali pa juu pa kulea wanawe. Tumpe pake, tubaki na petu."

Meneja, mhandisi asiyependa hotuba, akamuuliza anataka nini.

"Nguzo chakavu, yale magurudumu makubwa ya mbao yanayokuja na nyaya, na msimu mmoja."

Akapewa. Meneja mwenyewe akaketi akachora jinsi ya kufunika nyaya kwa mpira karibu na vikombe, ili ndege akitua kwa bahati mbaya asiungue. Mpango ulikuwa mwepesi kuueleza: nguzo isiyo na umeme kando ya laini, ndefu kuliko za laini, na gurudumu la mbao lililolazwa juu yake kama sinia. Kazi ilikuwa kupata pa kuisimamisha. Dada alibisha hodi nyumba kwa nyumba, na wakulima wakamuuliza kwa upole kama kampuni imekosa kazi. Aliyekubali mwanzo ni mjane mmoja mkulima wa mpunga, kwa sharti kwamba nguzo isitie kivuli kitalu chake. Majirani wakamfuata shingo upande, zikasimama nguzo sita.

Msimu ukafika. Korongo wakapita juu ya zile sita bila hata kupinda shingo, wakaenda moja kwa moja kwenye nguzo za umeme. Fundi wa transfoma akabandika tangazo mlangoni: "Nyumba za kupangisha bondeni, hewa safi, wapangaji hawapo." Dada alicheka pamoja nasi, lakini garini njia nzima alihesabu siku zilizobaki. Msimu aliouomba ulikuwa unayoyoma, na pendekezo la sumu lilikuwa bado mezani.

Aliyemfungua macho ni mumewe, akiwa kwenye cherehani yake. Alimwambia, "Mke wangu, mteja haingii duka tupu. Tundika nguo moja aione." Kesho yake Dada akapanda nguzo zote sita, moja baada ya nyingine, akasuka vijiti vya viota vya zamani juu ya magurudumu, kisha akamwaga chokaa ukingoni ili pafanane na mahali palipokwisha kuchafuliwa na ndege. Alirudi kituoni mweupe kuanzia kofia hadi buti, na mlinzi wa getini akamdai kitambulisho.

Wiki haikwisha. Simu ililia ofisini, na alikuwa yule mjane wa mpunga. "Mwambieni wapangaji wake wamefika," alisema. "Na wana kelele."

Siku ile kitengo kizima kilikwenda bondeni, na fundi wa transfoma alibandua tangazo lake bila kuambiwa. Msimu ulipoisha, nguzo nne kati ya sita zilikuwa na makinda, neno sumu halikutajwa tena, na meneja akatoa nguzo nyingine ishirini.

Kisha ukaja mwaka wa viwavijeshi. Mnaoukumbuka mnajua ulivyoacha mahindi yakiwa mabua matupu. Korongo waliteremka kwa mamia, wakatembea katikati ya mistari ya mahindi kama wapalizi, hatua kwa hatua, wakiokota. Hatutii chumvi: hawakumaliza viwavi wote. Lakini mashamba yaliyokuwa karibu na nguzo zetu yalivuna. Baada ya hapo Dada hakubisha hodi kwa mtu. Wakulima ndio waliokuja kupanga foleni hapa getini, na wenyewe wakaanza kupanda upya miti mirefu kwenye kingo za mto, wakisema nguzo za kampuni ni za kuazima tu.

Leo bonde lina nguzo hamsini na nane za korongo, na miti ile imeanza kupokea viota vyake. Hospitali haijakosa umeme kwa sababu ya ndege kwa miaka tisa. Vituo saba vimeiga, na mchoro wa nguzo ya korongo sasa umo katika michoro rasmi ya kampuni. Mwaka jana, siku ya kuhesabu makinda, muuguzi mkuu alikuja, akapandishwa kwa gari la ngazi akiwa amemshika dada yake mkono, akachungulia kiotani.

"Dada, mimi nilisema uwaondoe," akamwambia.

"Nimewaondoa," Dada akajibu. "Wamehama mita arobaini."

Muuguzi akacheka mpaka gari likatikisika, nasi tuliokuwa chini tukapiga makofi tukiwa tumevua kofia, kosa ambalo Dada alilikemea kabla hajashuka.

Kwa niaba ya kitengo na kituo kizima tunakushukuru, Dada. Tunamshukuru shemeji kwa kutuachia wewe miaka yote hii, na watoto wenu, waliozoea mama kutoka mezani kila mvua inapoanza kupiga bati. Mvua ikinyesha sasa, maliza chakula chako. Uwe na afya, uwe na raha, na wajukuu wakuchoshe kwa mema.

Sisi watu wa laini hatujui kuagana kwa maneno makubwa. Mwenzetu akiwa juu, tulio chini hatuondoki mpaka mguu wake wa pili uguse ardhi. Tumekusubiri, Dada. Umeshuka salama, na taa zinawaka.